Mtoto akiandika 52 − 27 = 35 usimfokee kwanza, muulize kafikaje hapo (kujumlisha na kutoa makumi kwa watoto wa la pili)

Fundi wa Tabata
Wakuu habari za usiku. Mimi ni fundi cherehani huku Tabata, sio mwalimu, ila kijana wangu yupo darasa la pili na kila akitoka shule anakuja ofisini kwangu kunisubiri mpaka nifunge, kwahiyo haya ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu miezi hii miwili na nimeona niyalete hapa maana najua humu kuna wazazi kibao wanapitia hichohicho.

Ilianza hivi. Siku hiyo daftari limerudi wino mwekundu mtupu, hesabu za kutoa kumi kapata mbili. Nikaangalia. 52 − 27 kaandika 35. 64 − 38 kaandika 34. 71 − 45 kaandika 34 tena. Hasira zikanipanda, ila kuna mama alikuwa amekaa pale anasubiri gauni lake nikaona aibu kufoka, nikamwambia tu hebu nieleze hapa umefanyaje. Akanijibu bila wasiwasi wowote, "baba, saba toa mbili tano, tano toa mbili tatu". Mbona umeanza na saba ya chini? Akasema "mbili toa saba haiwezekani, mwalimu kasema, ndo nikageuza".

Wakuu yule mtoto hakuwa mvivu wala hakuwa anabahatisha. Ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu kwenye kila swali, ndo maana makosa yote yanafanana, na zile mbili alizopata ni zile ambazo tarakimu za juu zilikuwa kubwa kuliko za chini.

Nikafunga daftari. Nikamuuliza, una visoda hamsini na mbili, rafiki yako kakuchukulia ishirini na saba, umebaki na vingapi, usiandike niambie tu. Akatulia kidogo akasema "ishirini na kitu". Ishirini na kitu! Wakati sasa hivi tu kaandika thelathini na tano na wala hajashtuka. Hapo ndo nikaelewa kwamba kichwani mwake hesabu ipo, ila kwenye daftari kuna mchezo mwingine kabisa wa kupanga tarakimu juu na chini, na hivi vitu viwili havijuani.

Akiona 52 anaona tano na mbili. Lakini sisi kwa Kiswahili hatusemi tano mbili, tunasema hamsini NA mbili, yaani namba ukiitamka tu imeshajigawa yenyewe, makumi huku mamoja kule, na hiyo "na" ya katikati ndo kujumlisha kwenyewe. Mtoto anatamka hivyo tangu chekechea na hakuna aliyemwambia asikilize anachosema. Basi wiki nzima sikumpa kalamu. Tunaongea tu. Arobaini na saba ni nini na nini? Thelathini na tisa nikiipa moja inakuwaje? Huku naendelea na kushona.

Halafu nikaingia kwenye jozi za kumi. Mke wangu anauza chipsi mayai kwahiyo trei tupu nyumbani hazikosekani. Trei la mayai lina mashimo 30, mistari sita ya mashimo matano matano, nikalikata vipande vitatu (kwa mkasi wa karatasi, mafundi wenzangu msije juu) kila kipande mistari miwili, mashimo kumi. Kisoda kimoja shimo moja. Namwambia nane jumlisha tano, anaweka nane, anaona mashimo mawili yapo wazi, anachomoa viwili kwenye zile tano anaziba, vinabaki vitatu nje. Kumi na tatu. Hakuna kuhesabu vidole. Tulikaa hapo siku kama tano bila namba kubwa, mpaka ikawa nikisema saba anadaka tatu, nikisema sita anadaka nne kabla sijamaliza kutamka. Msiruke hii hatua jamani. Mtoto asiyejua nane inataka ngapi ifike kumi, hizo njia nyingine zote zitakuwa mzigo tu kwake.

Baada ya hapo nikampa 38 + 25 nikamuacha afanye anavyojua. Akafunga macho, "thelathini na ishirini hamsini, nane na tano kumi na tatu, sitini na tatu". Kaanzia kushoto wakati shuleni wanaanzia kulia, nikanyamaza, maana hata mimi nikijumlisha hela kichwani naanza na noti kubwa. Kesho yake swali lilelile kafanya kivingine, thelathini na nane kaipa mbili ikawa arobaini, kwenye ishirini na tano zimebaki ishirini na tatu, sitini na tatu. Sikumfundisha ile ya pili. Ilitoka kwenye trei la mayai.

Kwenye kutoa ndo kazi ilikuwa kubwa, ngoja nile nirudi.

Mwalimu wa la Pili
Fundi hongera sana, kuna walimu wana vyeti na hawajawahi kumuuliza mtoto "umefikaje hapo". Mimi nafundisha darasa la pili shule ya serikali huku Mbagala na hilo kosa la mwanao naliona kila mwaka. Chuoni tuliwahi kusoma kwamba Wamarekani wawili, John Seely Brown na Richard Burton, mwaka 1978 waliandika kuhusu makosa ya watoto kwenye kutoa wakaonyesha kwamba mengi sio uzembe, mtoto anafuata kanuni yake iliyopinda kidogo, na hii ya kutoa dogo kwenye kubwa bila kujali ipi ipo juu ni mojawapo. Ukishajua kanuni yake unaweza hata kutabiri atakosaje swali linalofuata.

Ila niseme ukweli, mimi darasani ninao 97. Siwezi kumsikiliza mmoja mmoja jioni nzima. Tangu mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulivyokuwa wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) tunasisitizwa mtoto ashike vitu kwa mikono, na mimi ninachotumia ni fagio la chelewa. Kila mtoto anakuja na vijiti vyake, tunakata vilingane, kumi tunafunga na mpira, hiyo ni bunda. Hamsini na mbili ni bunda tano na vijiti viwili. Haya, nipe ishirini na saba. Bunda mbili anatoa fasta, halafu anataka vijiti saba anavyo viwili, anakwama, ananiangalia. Nasubiri. Lazima atokee mmoja aseme "mwalimu tufungue bunda!" na hapo darasa zima linasikika likichomoa mipira. Vijiti kumi na mbili, toa saba, vitano. Bunda zilizobaki mbili. Ishirini na tano.

Na tangu nianze hivyo neno "kopa kwa jirani" nimeliacha kabisa. Kukopa ni kitu unarudisha, sasa hapa nani anarudisha? Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza hilo swali na sikuwa na jibu. Nasema tunafungua kumi, basi, na wanajua tunachoongelea kwa sababu wameshika kwa mikono.

Mzee wa Temeke
Hizi njia zenu mpya zinawachanganya watoto. Sisi tulipangiwa wima, andika tatu beba moja, jedwali unakariri, ukikosea fimbo, na hesabu tunajua mpaka leo. Mtoto wa miaka saba umempa trei, vijiti, njia tatu za swali moja, atashika ipi? Na kwenye mtihani hamna trei la mayai.

Konda Mstaafu
Mzee wangu shikamoo. Mimi nimepiga ukonda miaka tisa ruti ya Gongo la Mboto na wima sijawahi kuitumia hata siku moja. Tuseme mtu kakupa buku unamkata mia sita hamsini, hupangi elfu moja juu mia sita hamsini chini ukaanza kukopa kwenye masifuri, gari linatembea hilo. Unampa hamsini unasema mia saba, unampa mia tatu unasema buku, umemaliza, chenji mia tatu hamsini. Ni kutoa ila unafanya kwa kujumlisha. Mangi dukani anafanya hivyohivyo. Mimi wanangu nimewafundisha kwa chenji, 82 toa 47 wanasema arobaini na saba nipe tatu hamsini, nipe thelathini themanini, nipe mbili. Thelathini na tano.

Fundi wa Tabata
Konda umenigusa hapohapo nilipokuwa naelekea.

Mzee wa Temeke shikamoo. Nitakujibu, naomba kwanza nimalizie la kutoa.

Kazini kwangu kuna futi kamba, upande mmoja sentimita 150 upande wa pili inchi 60, ipo shingoni kwangu kutwa nzima na wala sikuwahi kuifikiria. Siku hiyo nikaitandaza juu ya meza ya kukatia upande wa sentimita, nikamwambia simama kwenye 52 rudi nyuma 27. Akaanza kurudi moja moja kwa kidole, na kosa la kwanza likaonekana palepale, ile 52 aliyosimama nayo akaihesabu kama hatua, akaishia 26. Nikamwambia hapo ulipo ni kituo ulichopandia gari, hatua ya kwanza ni ukifika kituo kinachofuata. Akaelewa, kapata 25, ila jasho linamtoka kwa hizo hatua ishirini na saba. Nikamwambia hii ni daladala inasimama kila kituo, je kama kuna gari la moja kwa moja linasimama kwenye makumi tu? Akaruka 42, akaruka 32, zimebaki saba. Akasita. Halafu mwenyewe kasema mbili mpaka thelathini, tano nyingine mpaka ishirini na tano. Ile ya kuvunja saba kuwa mbili na tano ni trei tena.

Sasa sikilizeni hii. Kesho yake nikachukua kipande cha utepe, nikamwambia weka ncha moja kwenye 27, nyingine kwenye 52, kata. Nikamuuliza huu utepe ni nini? Akasema "ni zile zilizobaki". Sawa. Sasa usogeze, ncha ya nyuma iwe 30, ya mbele imefika wapi? 55. Kwahiyo 55 toa 30 ni ngapi? Alijibu 25 hapohapo, hiyo hata sio swali kwake. Akaanza kuusogeza mwenyewe, 40 na 65, 20 na 45, kila mahali anasema kwa sauti, anacheka. Mwisho akaurudisha taratibu mpaka ncha ya nyuma ikagusa mwanzo kabisa wa futi, ncha ya mbele ikakaa juu ya 25. Akaniangalia mimi, akauangalia utepe. Hakusema kitu. Wakuu nimeshona miaka kumi na nne, sijawahi kuona futi kamba ikifanya kazi nzuri kama ile.

Baada ya hapo akipewa 64 − 38 anasema "ongeza mbili mbili", sitini na sita toa arobaini, ishirini na sita. Kuna siku nilimuuliza kwani kwanini jibu halibadiliki, akasema "si kama mimi na dada, kila mwaka tunaongezeka lakini ananizidi zile zile tano".

Mama Mapacha
Nimesoma huu uzi mpaka chakula kimeungua. Wangu wawili wapo ingilishi midiamu, mmoja anaandika thirteen 30 na mwingine seventeen anaandika 71 kwa sababu anasikia seven kwanza. Mwalimu wao ananiambia hawapo makini. Sasa hapo hata hiyo 52 − 27 tutafika lini jamani?

Mwalimu wa la Pili
Mama Mapacha wako makini sana, wanaandika wanachosikia. Eleven na twelve kumi haisikiki kabisa ndani yake, thirteen na thirty zinakaribiana mdomoni, na seventeen inatanguliza saba wakati kwenye kuandika saba inakaa mwisho. Kumi na saba inataja kumi kwanza kama inavyoandikwa. Nyumbani wahesabie Kiswahili bila wasiwasi, vijiti mkononi, wakishaona kumi na saba ni bunda moja na vijiti saba ndo uwaambie shuleni hii inaitwa seventeen. Na hata Kiswahili chetu kina mtego wake, angalia sita na sitini, saba na sabini, tisa na tisini, mtoto mdogo anaweza kuzichanganya, na ishirini nayo haikuambii kwamba ni kumi mbili, inabidi aone bunda mbili.

Na Mzee wa Temeke naomba nikujibu mimi pia kwa heshima. Kuna hoja yako moja naiunga mkono kabisa, njia tatu kwa siku moja zinavuruga. Mimi napeleka moja, wiki mbili tatu, mpaka imekaa. Na wima nafundisha, lazima, darasa la nne kuna upimaji wa NECTA (Baraza la Mitihani) na mtoto asipojua kupanga ataonewa. Swali ni lini. Mwaka 1998 Constance Kamii na Ann Dominick huko Marekani walitoa utafiti, watoto waliulizwa 7 + 52 + 186 kichwani, waliofundishwa mapema kubeba na kukopa wakakosa zaidi kuliko wale walioachwa watafute njia zao kwanza. Ukiifikiria inaeleweka, mtoto wa kubeba akiona 7 hajui aiweke chini ya nini. Waholanzi nao miaka ya 1990 walikuwa wanatumia mstari mtupu ubaoni, hauna namba, mtoto anachora mwenyewe miruko ya kumi na ya moja. Fundi alichofanya na futi ni ndugu yake kabisa, na kwa darasa kama langu ni rahisi kuliko trei, chaki na ubao tu, au hata sakafu.

Mzee wa Temeke
Marahaba wote. Mwalimu ukisema wima inabaki sina ugomvi. Ila niulize, mtoto anajuaje kwamba kakosea kama yupo peke yake kwenye mtihani?

Fundi wa Tabata
Mzee hilo swali zuri kuliko yote. Mimi kijana wangu haruhusiwi kugusa kalamu kabla hajasema jibu litakuwa kwenye makumi mangapi. 83 − 46, anasema "arobaini hivi, pungufu kidogo". Akipanga wima akapata 43 anashtuka mwenyewe, maana kashasema pungufu. Na akimaliza anarudisha, 37 na 46 inafika 83? Ile 35 ya siku ya kwanza angeirudisha, 35 na 27, angepata 62 na sio 52, angejua bila mimi wala mwalimu.

Wima nimeirudia naye wiki iliyopita, kwa kutumia vijiti vya mwalimu (mwalimu asante, fagio la mama yake limepungua). Safari hii hakugeuza. Alipofika mbili toa saba alisema "nafungua bunda" akakata tano akaandika nne, akaendelea kama mtu anayejua anaenda wapi.

Konda Mstaafu
Fundi tupe ya mwisho basi, dogo siku hizi anatumia ipi zaidi?

Fundi wa Tabata
Inategemea namba mkuu. Zikikaribiana kama 61 − 58 anapanda tu, tatu, kwisha. Ya chini ikiwa na tisa au nane anasogeza utepe kichwani.

Ila jana kanipa nyingine ambayo sijamfundisha mimi wala shule. Nimempa 71 − 38 nikijua atasema ongeza mbili. Akasema "sabini toa thelathini arobaini. Moja toa nane, nadaiwa saba. Arobaini nalipa saba, thelathini na tatu". Nikasimamisha cherehani. Nikahesabu mwenyewe kwa futi, thelathini na tatu kweli. Nikamuuliza hiyo ya kudaiwa umeitoa wapi?

"Kwa Mangi. Si huwa tunadaiwaga."